Mpingo: Mti Mzito, Thamani Nzito

(Matini ya mada iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya hadhara ya vijiji na kata, Wilaya ya Kilwa)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, waheshimiwa madiwani, wazee, akina mama, vijana na wananchi wote,

  

Mada ya leo inahusu mti ambao kila mkazi wa Mkoa wa Lindi anaufahamu, ingawa si kila mkazi anaifahamu thamani yake. Mti huo ni mpingo. Wataalamu huuita *Dalbergia melanoxylon*. Upo katika jamii ya mimea ya kunde, pamoja na mbaazi na choroko, na kama ndugu zake hao husaidia kurutubisha udongo kwa mizizi yake. Watu wengi huuchanganya na miti mingine yenye kiini cheusi inayouzwa katika masoko ya dunia, lakini hiyo ni ya ukoo tofauti kabisa.

Kwa kuutazama tu, mpingo hauvutii. Una miiba, matawi yake yamepindapinda, na shina lake ni fupi na mara nyingi lina mifereji. Mgeni anaweza kuupita porini akitafuta mninga au mkongo, asijue ameipita mali. Thamani yake imo ndani. Chini ya gome kuna tabaka jembamba la rangi ya manjano hafifu, ambalo wadudu hulitoboa kwa urahisi. Baada ya tabaka hilo kuna kiini chenye weusi unaoelekea zambarau, na kiini hicho mchwa hawakiwezi.

Kwanza, sifa ya uzito. Meta moja ya ujazo ya kiini cha mpingo mkavu ina uzito wa takriban kilo 1,200. Meta moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Ndiyo maana kipande cha mpingo kikitupwa kisimani huzama kama jiwe. Gogo la urefu wa meta moja na kipenyo cha sentimita 30, ambalo kwa macho laonekana dogo, hufikia kilo 80 na zaidi. Ubao wa paini wa ujazo huohuo haufiki nusu ya uzito huo.

Pili, sifa ya utulivu. Mbao nyingi hutanuka zikipata unyevu na hujikunja zikikauka. Mpingo uliokaushwa polepole na kwa uangalifu hubadilika kidogo mno. Nyuzi zake zimeshikamana sana na una mafuta ya asili, kwa hiyo fundi anaweza kuutoboa tundu jembamba, kuukata hesi kama za chuma na kuusugua hadi ung'ae bila kupakwa rangi. Sifa hizi ndizo zilizowafanya mafundi wa Ulaya wauchague kwa ala za muziki za kupuliza: klarineti, oboe na zumari za mfuko za Uskochi. Pumzi ya mpulizaji ni unyevu mtupu, na mbao isiyo tulivu ingepasuka au kuiharibu sauti.

Nchini, mpingo una historia ndefu zaidi ya hiyo. Michi, bakora, vitana na mipini imetengenezwa kwa mti huu tangu enzi za mababu. Wachongaji wa Kimakonde, wa pande zote mbili za Mto Ruvuma, wameupa jina duniani kwa vinyago vyao, vikiwamo vile vya mtindo wa ujamaa, ambavyo huonyesha watu wengi waliobebana katika gogo moja. Wachongaji na maseremala wanakumbushwa jambo moja la afya: vumbi la mpingo huwasha ngozi na kusumbua kifua. Barakoa na mahali penye hewa ya kutosha ni sehemu ya kazi hiyo.

Sasa, ndugu wananchi, ipo sifa ya tatu ambayo haimo katika mbao, nayo ni umri. Mpingo hukua polepole mno. Wataalamu hukadiria kwamba mti huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Mpingo unaofaa kukatwa leo ulichipua kabla wengi waliopo hapa hawajazaliwa. Unaochipua leo utavunwa na vitukuu. Kwa hiyo kosa la asubuhi moja halisahihishwi kwa msimu mmoja, kama ilivyo kwa ufuta au mihogo.

Makosa hayo yapo ya aina tatu.

La kwanza ni kukata mti mchanga. Kanuni zimeweka kipenyo cha chini cha sentimita 24, kikipimwa usawa wa kifua, yaani meta 1.3 kutoka ardhini. Mwananchi hahitaji chombo cha kitaalamu ili kuhakiki. Akate kamba ya sentimita 75 na nusu, aizungushe kwenye shina katika usawa huo. Ncha za kamba zikipishana, mti haujafikia kipimo, na anayetaka kuukata azuiwe.

La pili ni moto. Mche wa mpingo ukiungua huchipua tena kutoka mzizini, lakini kila moto huurudisha mwanzo. Mti mkubwa haufi upesi, ila gome likijeruhiwa, uozo huingia na kula kiini. Kwa nje unasimama. Ndani una pango. Mvunaji akiukata na kukuta tundu, kijiji kimepoteza mti na fedha pia. Moto unaowashwa kusafisha mashamba mapya ya ufuta mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ndio mkali kuliko wote. Njia ya kuzuia moto ilimwe kwanza, majirani waarifiwe, na moto usiachwe bila mlinzi.

La tatu ni kuuza gizani. Mnunuzi hufika na fedha taslimu, hulipa gogo kwa bei ya kuni, na huondoka usiku. Wengine huuchoma mpingo kuwa mkaa, na mti wa miaka 80 ukaisha katika magunia machache.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji njia bora zaidi. Kijiji chenye msitu wa hifadhi uliotambuliwa, mpango wa usimamizi ulioidhinishwa na sheria ndogo, kinaruhusiwa kuvuna kwa kiwango kilichopangwa, kupanga bei yake na kupokea mapato yake. Wilaya ya Kilwa si mgeni katika jambo hili. Mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani humo ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, jambo lililokuwa la kwanza kwa misitu ya asili ya jamii barani Afrika.

Soko la nje nalo lina masharti. Tangu Januari 2017, mpingo pamoja na karibu miti yote ya ukoo wake imo katika orodha ya pili ya Mkataba wa Kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Gogo au mbao zake haziwezi kuvuka mpaka kihalali bila kibali. Mnunuzi asiye na karatasi, basi, hana soko halali, na ndiyo sababu hulipa kidogo.

Mwananchi anapofikiwa na mnunuzi, na aulize maswali manne. Leseni ya uvunaji iko wapi? Je, Mkutano Mkuu wa Kijiji umeridhia, na muhtasari upo? Magogo yamepimwa na kugongwa nyundo? Hati ya kusafirishia mazao ya misitu imetolewa? Jibu moja likikosekana, taarifa ipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji, Kamati ya Maliasili au Afisa Misitu wa Wilaya. Hata mpingo uliosimama shambani kwa mtu usikatwe kwa biashara kabla ya kuuliza katika ofisi hizo.

Lipo pia swali la tano, nalo linawahusu viongozi: fedha zimekwenda wapi? Halmashauri ya Kijiji inawajibika kusoma mapato na matumizi mbele ya wananchi kila baada ya miezi mitatu. Mwananchi anayeuliza idadi ya magogo yaliyouzwa na bei yake si mchochezi. Anatimiza wajibu wake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Waliopita waliuacha mpingo ukiwa umesimama, ingawa nao walikuwa na shida zao za ada, matibabu na njaa. Kizazi cha sasa kimeukuta ukiwa mkubwa. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba kila unapokatwa mmoja, faida yake inaonekana darasani, zahanati na kisimani, na kwamba michipukizi iliyo pembeni yake haikanyagwi wala haichomwi.