Butembo inalipa usalama mara mbili



Leo tunazungumza juu ya lile swali mnaloligombania kila siku kwenye parking za moto, kwenye malewa na ndani ya simu: mji wetu uko na kesho gani? Wamoja wanasema Butembo ni mji wa biashara tangu zamani, acha vita ipite, mtaona. Wengine wanasema hapa wezi ndio wanatawala usiku, mwenye akili apange safari. Kila upande uko na ukweli wake. Sisi tunasema hivi: kesho ya biashara na usalama wa usiku ni hesabu moja, na hesabu hiyo tunailipa sisi wenyewe, tena mara mbili. Tuwaonyeshe namna gani.

Kwanza tukumbuke mji huu ulisimama juu ya nini. Wakati wa Zaire, serikali ilipokuwa inaanguka, wazee wetu hawakungoja Kinshasa. Walipeleka maharagwe, viazi na mboga za milima ya Lubero mpaka mbali. Wakauza kahawa. Kisha wakafungua njia ya Dubai na Guangzhou, wakaleta vitenge, moto na vipuri katika makontena yanayopita Mombasa, yanavuka Uganda na kuingia Kasindi. Barabara ilipoharibika walichanga pesa, wakaitengeneza. Mtu aliyeona Butembo miaka hiyo aliona mji unaokua karibu bila serikali. Tunajivunia jambo hilo, na tuko na haki.

Lakini wandugu, kuna kitu ambacho mfanyabiashara hawezi kukinunua peke yake hata akiwa tajiri namna gani. Anaweza kununua jenereta. Anaweza kuweka vyuma dirishani na kulipa mlinzi. Lakini hawezi kununua polisi anayefika akiitwa, wala muhakimu anayesikiliza kesi mpaka mwisho, wala avenyu yenye taa kutoka soko mpaka kwake. Hivyo ni vitu vya wote, ndiyo maana watu wanalipa kodi.

Sasa tuangalie kesho yenyewe, bila kujidanganya.

Mambo mazuri yapo. Desemba 2021 kazi za barabara zilizinduliwa kati ya Kongo na Uganda: kilomita 80 kutoka Kasindi mpaka Beni, kilomita 54 kutoka Beni mpaka Butembo. Mwaka wa 2022 inchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mji unaoishi na makontena ya Mombasa, hilo si jambo dogo. Udongo wetu bado unatoa kahawa ya arabika, na upande wa Beni kuna kakao. Kwa miaka mingi sehemu ya mazao hayo imevuka mpaka kwa magendo na kuuzwa kwa jina la wengine. Tukiyakausha, kuyachagua na kuyafunga hapa, kuna kazi za vijana ndani yake.

Mambo mabaya nayo yapo. Tangu juni 2024, M23 ilipochukua Kanyabayonga, barabara ya kitaifa namba 2 kwenda Goma imekuwa njia ya mstari wa vita. Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka. Goma ilikuwa inakula viazi vyetu na maharagwe yetu. Mwaka huohuo wa 2024 mauaji ya ADF yaliteremka mpaka ndani ya teritwari ya Lubero, watu wakaacha mashamba wakakimbilia mjini. Kwa hiyo midomo imeongezeka, na mashamba yanayolisha yamepunguka. Bei ya sokoni mnaijua kuliko sisi.

Hapo ndipo mtu anatuambia: «Munaona? Vita njo inaua biashara. Tungoje vita iishe.» Hapana, ndugu yetu. Vita iko Lubero, lakini yule mtu anayegonga mlango wa duka usiku hajatoka kwenye mstari wa mbele. Anayemkaba motari na kuchukua moto yake hana haja na Kanyabayonga. Ujambazi wa mjini unatumia vita kama kivuli. Silaha zinazunguka, kila kosa linaitwa la «watu wasiojulikana», na hakuna anayefuata. Tukingoja vita iishe ndipo tuweke taa kwenye avenyu, tutakuwa tumewapa majambazi likizo ya miaka.

Turudi sasa kwenye hesabu. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Chukueni mfano wa motari aliyekuwa anafanya kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku. Alikuwa na saa 15. Siku hizi, kwa woga au kwa amri, anaingiza moto nyumbani jua likizama. Anabaki na saa 12. Amepoteza moja ya tano ya siku yake. Na saa alizopoteza ndizo zilikuwa za kwake: za asubuhi ni za mafuta na pesa ya mwenye moto, za jioni ndizo za chakula cha watoto na karo. Mwekeni mama anayeuza samaki na fufu jioni, kijana wa simu na cyber, kinyozi, fundi wa kushona. Hakuna hata mmoja wao aliyeibiwa, na wote wamepoteza. Hiyo ndiyo bei ya ujambazi isiyoandikwa popote. Mwizi anachukua moto moja, lakini woga wake unachukua jioni ya mji mzima.

Juu ya hiyo, bado tunalipa. Tunalipa ushuru wa soko, patente na kodi ya nyumba. Barabarani tunalipa vizuizi, vyenye risiti na visivyo na risiti. Hayo ndiyo malipo ya kwanza. Kisha tunalipa mlinzi, kufuli, vyuma, mchango wa zamu ya usiku ya kartie. Hayo ndiyo malipo ya pili, kwa kitu kilekile. Muuzaji mdogo anayelipa mara mbili analazimika kuongeza bei au kufunga duka. Akifunga, kijana aliyekuwa anabeba mizigo yake anabaki barabarani. Na kijana aliyebaki barabarani kuna watu wanaomtafuta: wenye bunduki wa porini, na wenye bunduki wa mjini. Hapo mzunguko unaanza tena.

Malipo ya kwanza yanaenda wapi? Katiba ya 2006, kipengele cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya maprovinsi, na inabaki palepale inapokusanywa. Sheria ya 2008 juu ya mamlaka ya chini, yaani miji, komine, sekta na shefferi, inasema asilimia 40 ya fungu hilo la provinsi ni ya mamlaka hizo. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Kwa kila franga 100, provinsi ipate 40, na katika hizo 40, franga 16 ziende kwa miji, komine, sekta na shefferi. Kinachofanyika kwa kweli kinajulikana: pesa inapanda yote Kinshasa, na inarudi wakati Kinshasa inapotaka, kwa kiasi inachotaka. Mji unabaki kukamua soko. Halafu tunashangaa kwa nini kila franga ya mama sokoni inafukuziwa na watu watatu.

Na nani anatoa hesabu? Tangu tarehe 6 mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, état de siège, unaoongezwa siku 15 kwa siku 15. Mji unaongozwa na afisa wa polisi. Hata kabla ya hapo, Butembo haijawahi kuchagua meya wake. Mwaka wa 2018 tulinyimwa hata kura ya raisi, pamoja na Beni na Yumbi; tulipiga kura machi 2019, raisi akiwa tayari ameapishwa. Tulielezwa utawala wa kijeshi ni kwa ajili ya usalama. Vema. Basi tuupime kwa kazi yake: mama anaweza kutembea saa mbili usiku kutoka soko mpaka Katwa? Jibu mnalo.

Wandugu, kuna mambo mawili magumu tunayotaka kusema kati yetu vijana, bila kufichana.

La kwanza ni tairi na petroli. Usiku mtu anakamatwa, watu wanapiga filimbi, na kabla ya kuuliza jina lake, moto umewaka. Tunaelewa hasira. Mtu amepeleka mwizi polisi, kesho yake amemkuta mtaani akimcheka. Lakini tusijidanganye kwamba kuchoma mtu kunaleta usalama. Aliyechomwa hawezi tena kusema nani alimpa bunduki, nani ananunua moto zilizoibiwa, nani anafungua mlango wa cachot kwa dola. Anayefurahi kuliko wote asubuhi ni mkubwa wa kundi lake. Na kuna siku anayechomwa ni kijana aliyechelewa kazini, mgeni asiyejua Kinande, mkimbizi kutoka Lubero. Biashara gani itakuja kwenye mji ambapo mgeni anauawa kwa kutojulikana?

La pili ni ville morte. Kufunga mji ni silaha yetu ya amani, na mara nyingi ndiyo pekee wanayoisikia wakubwa. Hatutaiacha. Lakini kila siku ya kufunga inalipwa kwanza na yule anayekula kwa siku: mama wa ndizi, motari, mbebaji. Kwa hiyo tunapendekeza sheria ndogo kati yetu. Anayeita ville morte aseme mapema mambo matatu: tunadai nini, tunadai kwa nani, na tutafungua lini. Asiyeweza kujibu hayo matatu asimfungie mama meza yake. Na anayerusha mawe kwa mwenye duka aliyefungua, huyo anafanya kazi ya majambazi mchana.

Basi tufanye nini? Tunawapa kazi nne, si ndoto.

Moja: katika kila kartie, kijana mmoja na dada mmoja waandike daftari la usalama pamoja na shefu wa kartie. Siku, saa, mahali, kilichoibwa, nani aliitwa, alifika saa ngapi, kesi iliishia wapi. Majina ya walioumizwa yasitoke nje. Baada ya miezi mitatu tutajua avenyu zipi na saa zipi, na tutaacha kuambiwa «tunafanya uchunguzi».

Mbili: tudai hesabu ya mji ibandikwe ukutani kila miezi mitatu, kwa kiswahili na kinande: kilichokusanywa sokoni, kilichorudi kutoka Kinshasa na provinsi, kilichotumika kwa polisi, kwa taa, kwa barabara.

Tatu: taa ianze pale daftari litakapoonyesha. Tusianze na nyumba za wakubwa. Tuanze na njia za wamotari na za mama wanaotoka sokoni. Wafanyabiashara wetu walichangia barabara zamani, wanaweza kuchangia taa leo, lakini kwa mkataba ulio wazi na risiti, ili mchango usigeuke kodi ya tatu.

Ine: mshukiwa apelekwe akiwa mzima, na tufuate kesi yake mpaka hukumu. Tukae ndani ya sala ya korti tukiwa kumi, ishirini, kimya, kila mara. Mtu anayejua anaangaliwa anaona haya kuuza kesi.

Kuna atakayesema haya ni mambo madogo mbele ya vita kubwa. Sisi tunaona vita kubwa inalishwa na hayo madogo: na kijana asiye na jioni ya kufanya kazi, na franga isiyo na hesabu, na maiti isiyo na dosye. Katiba, kipengele cha 52, inasema wakongomani wote wako na haki ya amani na usalama. Haikusema baada ya vita. Haikusema wale wa Kinshasa kwanza.

Wazee wetu walijenga mji bila serikali kwa sababu serikali haikuwepo. Leo serikali ipo: inakusanya, inaweka vizuizi, inatoa amri. Kazi ya kizazi chetu ni kuilazimisha irudishe tulicholipa. Madaftari yako mlangoni, na kalamu ziko. Kila kartie ichukue lake kabla ya kuondoka, tukutane hapa baada ya wiki mbili tuyasome pamoja.