Mfuko wa Cherehani: Maneno ya Mhazini



Nimeombwa niseme juu ya mfuko wetu wa wanafunzi wa ufundi. Kweli ni kwamba mimi niliupinga. Nilisimama kikaoni nikasema: hizi ni akiba za watu wanaouza mboga Kihesa sokoni, leo tumnunulie cherehani mtoto asiye mwanachama? Akitoroka nayo je?

Wenzangu wakanijibu. Sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA iliweka pia tozo kwa waajiri, ili mafunzo ya ufundi yapate fedha. Jambo jema. Lakini fedha hizo humsaidia mwanafunzi akiwa karakana. Akihitimu anarudi nyumbani na cheti, cherehani inabaki chuoni. Na cheti hakishoni, jamani.

Nikashindwa kwa kura. Binti wa kwanza tukamkopesha cherehani bila riba, mdhamini mwalimu wake. Mwalimu mwenyewe alikuwa akinunua uzi wa mazoezi kwa mshahara wake, lakini kila mwisho wa mwezi alikuja kuuliza kama marejesho yameingia. Miezi miwili hayakuingia. Sitarudia niliyoyasema. Desemba, watu wanaposhonesha sare za shule, binti akaja kulipa yote ya nyuma kwa mkupuo.

Magauni haya tuliyovaa leo kashona yeye, na kola yangu imekaa sawasawa.

Safari hii wameomba wanne, na fedha iliyopo ni ya cherehani mbili. Daftari la ahadi liko mlangoni, kwa katibu.