Dawa ya Kutu Iwe Ghalani Kabla ya Masika

(Hotuba ya bwana shamba katika mkutano wa makatibu wa vyama vya msingi)



Nimetakiwa nizungumzie kutu ya majani ya kahawa. Mkulima akiona madoa upande wa chini wa jani la mbuni, na apitishe kidole. Ukishika unga wa rangi ya machungwa, hiyo ni kutu. Doa la kahawia lenye kitovu cheupe, lisiloacha unga, ni ugonjwa mwingine, ingawa wengi huyachanganya.

Kutu ni ukungu, na unga ule ni mbegu zake. Mbegu hizo hazioti juu ya jani kavu. Zikipata tone la maji huota na kupenya katika vitundu vilivyo chini ya jani. Jani likiugua hupukutika, na mti uliobaki uchi haulei vema matunda yaliyopo wala hauoteshi matawi ya kuzaa mwaka ujao. Huko Sri Lanka, ilipokuwa ikiitwa Ceylon, kutu iligunduliwa mwaka 1869. Katika miaka iliyofuata kilimo cha kahawa kiliporomoka na chai ikashika nafasi yake.

Sasa nawageukia Makatibu. Dawa ya mrututu haiponyi jani lililokwisha kuugua. Kazi yake ni kulilinda lile lililo zima, kwa hiyo sharti itangulie mvua. Nilipata kukiona chama kimoja, ambacho sitakitaja, kikigawa dawa masika yamekwisha kukolea. Wanachama walinyunyiza kwa bidii, mkopo ukakatwa wote katika malipo ya kahawa, na majani yakapukutika vilevile. Wakasema dawa ni mbovu. Haikuwa mbovu, ilichelewa. Mama mmoja akaniuliza, "Bwana shamba, deni hili ni la nani?" Sikuwa na jibu.

Penye masika ya Machi, basi, maombi ya dawa yapitishwe na kamati mwezi Desemba, na mzigo uwe ghalani mwezi Februari. Mabomba yakaguliwe mapema. Anayenyunyiza aelekeze maji juu kutoka chini ya jani, na mibuni ipogolewe ili upepo uikaushe. Miche inayostahimili kutu ipo, ikiwamo ile ya kituo cha utafiti cha Lyamungu, lakini mibuni ya zamani bado ni mingi mashambani mwetu.

Naomba kila Katibu, kabla hatujatawanyika, aniandikie idadi ya mibuni ya chama chake.