Jeremia Alinunua Shamba: Imani na Wasiwasi wa Watu wa Rumonge

Ndugu wachungaji, mapadri, wazee wa kanisa na kina mama wa vikundi vya maombi,

Mmeniomba nizungumzie amani ya moyo. Naomba nianze na yale yanayotunyima usingizi hapa Rumonge, kwa sababu mahubiri mengi ya amani huyaruka. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda mwaka 2021 na tena 2024, yakaingia majumbani mwa watu kando ya ziwa. Hata ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hawapatikani kwa uhakika kama zamani.

Kisha kuna ardhi. Vurugu zilizoanza pwani hii tarehe 29 Aprili 1972 zilifuatwa na mauaji makubwa kote Burundi. Watu wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Tanzania, na wengi wakaishi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka 30. Waliporudi walikuta michikichi ya baba zao ikivunwa na wengine, ambao nao wamezaa na kuzika katika mashamba hayo. Jumapili pande zote mbili huketi katika kanisa moja. Ukimwambia mmoja wao asiogope, amtegemee Bwana, kisha ukamwacha aende zake, umemtwisha mzigo wa pili: sasa anaona aibu kwamba anaogopa.

Biblia haitufundishi hivyo. Paulo aliwaandikia Wafilipi wasijisumbue hali yeye mwenyewe yumo kifungoni, na papo hapo akawaagiza wamweleze Mungu haja zao. Mimi hunigusa zaidi Jeremia, sura ya 32. Wababeli wameuzingira Yerusalemu, nabii yumo kizuizini, naye ananunua shamba la binamu yake huko Anathothi. Analipa shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, hati inatiwa muhuri na kuwekwa katika chombo cha udongo ili idumu. Baada ya hapo ndipo anapoomba, na katika maombi yale anamweleza Mungu mshangao wake: adui yuko mlangoni, nawe waniagiza ninunue shamba? Hofu hakuificha, na shamba alilinunua.

Nasi tunao watu wa kwetu ambao hawakuificha hofu. Huko Bururi, katika Seminari Ndogo ya Buta, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi watengane, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa. Vijana 40 waliuawa. Ujasiri wa saa ile nauheshimu mno, lakini naomba tutazame miaka iliyoutangulia. Tangu vita ya 1993, mkuu wao, Padri Zacharie Bukuru, alikuwa akiwaketisha wazungumze waziwazi juu ya ukabila na chuki iliyokuwa imeenea nchini, waombe na kucheza pamoja. Bunduki zilipofika, walikuwa wamekwisha kuambiana wanachokiogopa. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenyeheri, pamoja na mapadri wawili na mlei mmoja kutoka Italia waliouawa hapa jirani, Buyengero, mwaka 1995.

Kwa hiyo napendekeza vikundi vyetu vya maombi vibadili utaratibu. Kabla ya kuomba, kila mtu apewe nafasi ya kusema kinachomtisha wiki hii: nyumba iliyoingiwa na maji, karo, kesi ya shamba. Wengine wasikilize bila kumjibu kwa mstari wa Maandiko. Penye mgogoro wa ardhi, kanisa lianze na familia mbili zilizo tayari, na mpatanishi asiwe jamaa wa upande wowote. Kila upande usimulie tangu 1972 bila kukatizwa, hata kama itachukua vikao vitatu. Wakipatana, makubaliano yaandikwe kwa Kirundi mbele ya mashahidi na kupelekwa kwa viongozi wa mtaa, na kila familia ibaki na nakala yake. Siku hiyo ndipo tuombe kwa muda mrefu.