Theluji na Watu wa Nyika

Wasikilizaji, mtu wa Taru aambiwapo habari za theluji, huenda akauliza zinamfaa nini yeye akaaye katika nyika kavu. Lakini habari hizo zilipita nyikani. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisheni, alitoka Rabai akavuka nyika, na tarehe 11 Mei akauona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita "baridi" tu. Huko Ulaya wako wataalamu waliobisha kwa miaka kadhaa, wakisema theluji haiwezi kuwako karibu na Ikweta.

Wachaga walikwisha kuijua kwa hasara. Rebmann aliandika kwamba Mangi Rengwa wa Machame aliwahi kutuma kundi la watu wakakichunguze kitu hicho cheupe. Alirudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi. Watu wale hawakukosa ushujaa, walikosa maarifa.

Maarifa hayo hufundishika. Mwaka 1887 Hans Meyer alizuiwa na barafu, akashuka. Mwaka 1889 alikuja tena pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima stadi wa Austria. Walifungana kwa kamba, wakachonga vidato katika barafu kwa shoka, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni.

Mwanafunzi huanzia mteremko mfupi usio na mawe chini yake. Kwanza hujifunza kutembea, akipiga theluji kwa ncha ya kiatu mpaka ipatikane nafasi ya kukanyaga. Penye barafu ngumu hufunga vyuma vyenye meno chini ya viatu. Kisha hujifunza kuanguka. Ateleza po pote, hana budi kugeuka mara moja alale kifudifudi, ashike shoka kifuani, na kuikandamiza ncha yake katika theluji kwa uzito wa mwili wake. Akiwa amevaa meno ya chuma, huinua miguu, yasije yakanasa yakampindua. Zoezi hili hurudiwa mpaka mwili ulifanye bila kungoja shauri la akili.

Safari huanza usiku au alfajiri, theluji ingali ngumu, kwa sababu jua huilainisha na kuyalegeza mawe. Macho hukingwa kwa miwani myeusi, na nguo zilizolowa hubadilishwa upesi. Mwenye kuumwa kichwa na kutapika asipande zaidi. Akizidiwa, ateremshwe bila kukawia. Hapo ndipo mwenda pole hajikwai.

Tangu mwaka 1912 zaidi ya sehemu nne katika tano za barafu ya Kilimanjaro zimetoweka. Hata hivyo theluji huanguka ghafula, na wapagazi wasio na mavazi ya kutosha wamekufa kwa baridi.

Msafiri wa Taru haingii nyikani kabla ya kujua maji yako wapi, na akiona kibuyu hakitoshi hurudi bila aibu. Mlima nao wataka busara hiyo hiyo.