Watoto wa Ndugu Zetu Waliotoka Ng'ambo ya Mpaka



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya watoto waliofiwa na wazazi wao huko Uganda, ambao jamaa zao hapa Kenya wataka kuwachukua. Kwa desturi zetu mtoto wa ndugu si mgeni kamwe. Lakini mbele ya sheria kumlea ni jambo moja, na kumwasili ni jambo jingine. Wala mtoto avukaye Busia au Malaba ameshikwa mkono na shangazi yake hapati uraia kwa kuvuka.

Mtoto akiwa angali Uganda, sheria ya huko yatuhesabu sisi Wakenya kuwa wageni. Tangu marekebisho ya 2016, mgeni sharti awe amekaa nchini humo muda usiopungua mwaka mmoja, na kumlea mtoto huyo mwaka mmoja chini ya uangalizi wa ofisa wa ustawi. (Hapo kwanza ilikuwa miaka mitatu, basi tusinung'unike sana.) Ule ulezi wa kisheria, ambao wageni waliufanya njia ya mkato, sasa ni wa raia wa Uganda peke yao.

Amri ya mahakama ikipatikana, kazi haijaisha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 15, yampa mtoto aliyeasiliwa na raia haki ya kuandikishwa kuwa raia, ila kwa kuomba. Asiyeomba huja kujua siku kijana atimizapo miaka 18 na kutaka kitambulisho.

Sasa twawageukia wazee. Wako wawajiao wakitaka barua isemayo kwamba mtoto alizaliwa kijijini humu. Twajua ni vigumu kumnyima mjane barua, hasa aliye jirani. Hata hivyo twawasihi msiitie sahihi. Kwa kifungu cha 17, uraia uliopatikana kwa udanganyifu waweza kufutwa, na atakayefutiwa si mzee aliyeandika, bali ni kijana, amekwisha kusoma, pengine ameoa.

Aliye na mtoto wa namna hii nyumbani, hata kama amekaa naye miaka mingi, na amwone ofisa wa watoto na wakili mapema, akichukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto na vyeti vya vifo vya wazazi wake. Vikiwa vimepotea, vitafutwe Uganda kwanza.