Pasipoti Iliyo Sandukuni

Somo letu ni Wafilipi 3:20, ambapo Mtume Paulo awakumbusha Wakristo kwamba wao ni raia wa mbinguni.

Mwaka 2017 Serikali yetu ilianza kutoa pasipoti mpya ya Afrika Mashariki, na watu wakaambiwa kwamba ile ya zamani itakoma kutumika. Tarehe ya mwisho ikasogezwa mbele mara kadhaa, hata ikawa 30 Novemba 2022. Wengi walisema, "Bado kuna nafasi." Kitabu kikabaki sandukuni.

Ndipo huja siku ya haja. Mama anapigiwa simu kwamba bintiye amelazwa hospitalini Uingereza. Anafungua sanduku. Pasipoti imekwisha muda wake, na viza aliyopewa safari ya kwanza imekwisha pia. Nauli anayo, mzigo umefungwa, lakini hawezi kupanda ndege.

Ndugu wapendwa, tuangalie mambo mawili.

Kwanza, mama huyu hakuacha kuwa Mkenya. Pasipoti huisha, uraia hauishi. Vivyo hivyo Mungu hawatupi watoto wake. Lakini safari ya mama imesimama, na huenda yetu imesimama pia. Tunashuhudia jinsi tulivyookoka miaka 20 iliyopita, kumbe na ndugu yetu hatusalimiani tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Ushuhuda ulikuwa wa kweli, ila tumeuweka sandukuni.

Pili, pasipoti mpya haifufui viza iliyokwisha. Pasipoti mtu hupewa na nchi yake. Viza hutoka kwa wenye nchi aendako. Ni ruhusa ya mgeni, nayo ina siku zake. Mwenyeji haombi viza kurudi kwao. Basi, kama Petro alivyoandika katika Waraka wake wa Kwanza, 2:11, hapa duniani sisi ndio wageni. Ruhusa yetu ya kukaa hapa ina tarehe, na tofauti ni kwamba tarehe hiyo hatukuonyeshwa. Cheo kipya kanisani hakiiongezi, wala shamba kubwa haliiongezi. Yule ndugu naye ana tarehe yake.

Pasipoti twailipia wenyewe, na viza yaweza kukataliwa hata baada ya kulipa. Msamaha sivyo. Bwana Yesu ameulipia msalabani, wala hamfukuzi yeyote ajaye kwake.

Basi tusingoje tarehe isogezwe tena. Leo, kabla ya jua kutua, tupige hodi kwa yule ndugu.

Tuombe. Ee Bwana, umetuvumilia mara nyingi. Utupe toba iliyo mpya, utupatanishe na wenzetu ingali mchana, na siku ya kuitwa kwetu utukute tayari. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.